Kitanda Ni cha Kulalia: Barua ya Wazi kwa Madereva wa Kwetu Mlioko Ulaya

Ndugu zangu madereva,

Nawaandikia nyinyi mliozoea njia ya Tunduma, ya Malaba, ya Kasumbalesa, mkaja huku mkapata leseni mpya na kadi ya dereva ambayo bado haijapata mkwaruzo. Wengi wenu siwajui kwa majina. Nawatambua kwenye maegesho mnapozunguka gari na kugonga kila tairi kwa mguu kabla ya kupanda, kama tulivyofundishwa na waliotutangulia.

Majira ya baridi yaliyopita kijana mmoja wa kwetu alisimamishwa na wakaguzi hapa Uingereza. Mkaguzi akatoa karatasi kwenye takografu, ile mashine ya garini inayoandika saa za dereva, akaisoma taratibu, akamuuliza: "Jumamosi ulianza kazi saa saba usiku. Ilikuwaje?" Kijana akashangaa. Saa saba usiku alikuwa amelala fofofo. Akasema alianza saa moja. Mkaguzi akamwonyesha kwa kidole palipoandikwa 01:00, naye kijana akaitikia kwa moyo mweupe: ndiyo, hiyo hiyo, saa moja.

Mliokulia katika Kiswahili mmeshaelewa. Ijumaa alikuwa amechomoa kadi saa kumi na mbili na nusu jioni. Jumamosi hakuendesha, alisaidia ghalani tangu saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Jumatatu alfajiri aliporudisha kadi, mashine ikamtaka aeleze muda wote aliokuwa nje ya gari, akajaza kama alivyoelekezwa: kazi, 01:00 hadi 11:00. Mashine haijui kwamba kwetu mchana huanza kuhesabiwa jua linapochomoza. Kadi ikaonyesha kwamba kati ya Ijumaa na Jumamosi alipumzika saa 6 na nusu, na sheria inataka saa 11, au 9 kwa siku chache zinazoruhusiwa. Kumbe alikuwa amepumzika saa 12 na nusu! Mtu aliyefuata sheria vizuri kuliko wengi, kadi yake mwenyewe ikamshuhudia vibaya. Kilichomwokoa ni daftari la zamu la pale ghalani, lenye saa na saini.

Kosa hilo ni la lugha, na nitalirudia baadaye kwa sababu linaweza kumpata yeyote kati yetu. Lakini lililonifanya nishike kalamu ni jingine. Naliona kila wiki, na nimelitenda mwenyewe: kubonyeza kitanda huku mikono iko kazini.

Takografu ina alama nne. Usukani ni kuendesha. Nyundo mbili zilizopishana ni kazi nyingine yoyote: kupakia, kushusha, kujaza mafuta, kukagua gari, kuandika karatasi. Mraba uliokatwa kwa mstari wa mshazari ni kusubiri ukiwa tayari kuitwa. Kitanda ni mapumziko. Gari likitembea, mashine yenyewe inaandika usukani, huwezi kuizuia. Gari likisimama, inakwenda yenyewe kwenye nyundo. Kwenda kitandani ni juu yako. Yapo magari yaliyopangwa kwamba ukizima swichi mashine inaingia kitandani yenyewe, na hayo yana mtego wake: unazima gari, unashuka kushusha mzigo, kumbe mashine inaandika kwamba umejinyoosha. Kwa hiyo ukikabidhiwa gari usilolijua, jambo la kwanza baada ya matairi na taa ni kuuliza au kujaribu: hii nikiizima inaandika nini?

Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 561 ya mwaka 2006, ambayo Uingereza imeendelea kuitumia baada ya kujitoa, haikuacha mwanya kwenye maana ya mapumziko. Ni muda ambao dereva haruhusiwi kuendesha wala kufanya kazi nyingine, muda wa kurudisha nguvu na hakuna lingine.

Hapa ndipo mazoea yetu yanapotuponza. Kule nyumbani neno kupumzika tumelitanua mno. Umekaa siku mbili kwenye foleni mpakani, mtu wa nyumbani akipiga simu unamwambia, "Tumepumzika tu hapa." Lakini fikirini foleni ile ilivyokuwa. Kila baada ya muda unawasha, unasogea urefu wa gari moja, unazima. Usiku unalala jicho moja kwa ajili ya turubai na dizeli. Utingo anakwenda kuuliza karatasi zimefika wapi, anarudi na jibu lisiloeleweka, unakwenda mwenyewe. Siku mbili hizo hatukuendesha hata kilomita 2, na tulitoka pale tumechoka kuliko kama tungetoka Dar es Salaam bila kusimama. Ule ulikuwa ni ulinzi na kusubiri. Na Kiswahili kina neno kusubiri, wala hatukulikosa. Tulizoea tu kutolitumia.

Kwa hiyo mkifika kwenye ghala la huku, jiulizeni swali moja kabla ya kugusa kitufe: muda huu ni wa nani? Karani akikwambia, "Tupe funguo, hatutakuhitaji kwa saa nzima, chumba cha madereva kiko kule," muda huo umepewa wewe. Unaweza kula, kulala, kumpigia mama simu. Bonyeza kitanda bila wasiwasi. Akikwambia, "Utasubiri kama nusu saa, lakini kaa karibu tukuite usogeze gari," huo ni ule mraba, na mraba hauhesabiki katika dakika 45 zako za mapumziko ya lazima. Akikukabidhi toroli la paleti, hizo ni nyundo, hata kama utashusha paleti mbili tu, hata kama mwenye ghala anakupigia makofi kwa kumsaidia. Na ukiwa kwenye foleni inayosogea, kila unaposogea unayavunja mapumziko, unaanza upya.

Sasa niwaambie yaliyonipata mwaka wangu wa kwanza.

Kampuni niliyoanzia ilikuwa ndogo, yenye magari machache, na mpangaji wa safari alikuwa na maelekezo mafupi kwa kila dereva mpya: ukifika kwa mteja, weka kitanda, kisha shusha. Hakuyasema kwa siri. Aliyasema kama mtu anavyokuelekeza funguo zinapotundikwa. Nami nilikuwa mgeni, nina deni la nauli na la mafunzo, nilikuwa tayari kuitikia chochote. Tena nilidhani nimepata bahati, maana kila siku nilikuwa naokoa dakika 45 na kurudi nyumbani mapema.

Ilikuwa siku moja ya Novemba. Nilikuwa na lori la tani 18 lenye lifti ya nyuma, ndani paleti 14 za makopo ya rangi. Mteja wa asubuhi hakuwa na foklifti. Nikabonyeza kitanda saa nne na robo, nikashuka, nikaanza. Vuta paleti hadi mlangoni, ipandishe kwenye lifti, shusha, isukume juu ya zege lenye unyevu hadi ndani, rudi. Paleti ya nne gurudumu la toroli likanasa kwenye nyufa, nikaliinua kwa mgongo. Ya tisa vidole havikuwa na hisia, nikawa navipuliza kila ninaporudi. Nilipopanda kabini kuchukua karatasi za mteja, macho yakaenda kwenye kioo kidogo cha mashine: kitanda, dakika 31. Nakumbuka namba hiyo hadi leo. Nikashuka nikamalizia. Ilipofika 45 nilikuwa nafunga milango, shati limelowa chini ya koti, na nikaondoka palepale maana mteja wa pili alikuwa ananisubiri.

Kiasi cha saa moja na dakika 20 baadaye, nikiwa barabara kuu, niliamshwa na mtetemo wa ule mstari mweupe wenye matuta uliochorwa pembeni. Niliamshwa, ndugu zangu. Maana yake nilikuwa nimelala. Mbele yangu kulikuwa na gari dogo, limekaribia kiasi kwamba niliona kiti cha mtoto kwenye kioo cha nyuma. Nilikanyaga breki, mzigo uliobaki ukagonga ukuta wa mbele, gari likatulia. Niliingia kituo cha kwanza cha maegesho nilichokiona, nikazima, na kwa muda mrefu sikuweza kuufungua mkanda kwa jinsi mikono ilivyotetemeka. Mashine ilikuwa inanionyesha kwamba bado nina saa 3 na dakika 10 za kuendesha. Kwa hesabu ya kadi nilikuwa mtu aliyepumzika asubuhi ile. Mwili ulikuwa na hesabu yake, na ndiyo iliyotaka kuniua pamoja na wale waliokuwa mbele yangu.

Jioni nilitoa karatasi ya siku hiyo, nikaiweka mezani pamoja na hati ya mteja. Kwenye karatasi ya mashine, kitanda tangu 10:15 hadi 11:00. Kwenye hati ya mzigo, karani ameandika kwa kalamu ya bluu: paleti zimepokewa, 10:52, na chini yake saini yangu. Hakuna mtu aliyenikamata kwa siku ile. Lakini nilikaa nikaziangalia karatasi hizo mbili nikaelewa kwamba mkaguzi yeyote akiziweka pamoja ataona nilichokiona mimi. Na huweka pamoja kweli. Wakija kwenye kampuni huchukua hati za mzigo, stakabadhi za mafuta, kumbukumbu za getini, wakazilinganisha na kadi dakika kwa dakika. Risiti ya dizeli ya saa tano na dakika kumi ndani ya kitanda cha saa tano hadi saa tano na dakika 45 inatosha kuanzisha maswali. Kampuni inatakiwa kunakili data ya kadi yako kila baada ya siku zisizozidi 28, na kumbukumbu ya mashine yenyewe inahifadhi mwaka mzima. Ulichobonyeza leo kinaweza kukuuliza ukiwa umeshakisahau.

Kuzidisha saa za kuendesha hapa Uingereza ni faini ya papo hapo, hadi pauni 300 kwa kosa moja. Kuandika uongo kwa makusudi ni jambo zito zaidi, linaweza kufika mahakamani, na kifungo chake kinafika miaka 2. Na uongo huo uko kwenye kadi ya nani? Kadi ina picha yako, jina lako, namba ya leseni yako. Yule mpangaji wa safari hayumo humo.

Niliacha kazi pale miezi miwili baadaye. Ningeondoka mapema zaidi kama kodi ya chumba isingenibana, na miezi hiyo miwili niliweka kitanda pale tu nilipopumzika, nikachelewa, nikasemwa.

Twende kwenye hesabu yenyewe, maana wapo wanaopumzika kwa haki na bado kadi inawakataa.

Baada ya kuendesha saa 4 na nusu lazima upumzike dakika 45 mfululizo. Unaruhusiwa kuzigawa mara mbili, lakini kwa mpangilio: kwanza zisizopungua 15, kisha zisizopungua 30. Mpangilio huo hauna huruma. Ukianza na 30 halafu ukachukua 15, umejinyima mwenyewe, kwa sababu kipande cha pili ndicho kinachotakiwa kufika 30. Ukichukua 20 na 25, jumla ni 45 na bado hazikubaliki. Mara tatu za 15, hazikubaliki. Nimemwona mtu mzima, dereva wa miaka ishirini, akibishana na mashine kwa sababu hiyo, anahesabu kwenye vidole, anapata 45, na hesabu yake ni sahihi. Sheria haikuuliza jumla.

Halafu kuna dakika ile moja inayopotea. Tangu mwaka 2011 mashine huipa kila dakika ya saa jina la shughuli iliyochukua sehemu kubwa ya dakika hiyo. Chukueni mfano. Umesimama saa ya mashine inasoma 10:00, lakini sekunde 40 za dakika hiyo zilikwisha ukiwa bado unatembea. Dakika hiyo ni ya usukani. Umepumzika, ukaangalia saa, inasoma 10:45, ukaona zimetimia, ukaondoka sekunde ya 20. Sekunde 40 zilizobaki ni za usukani, kwa hiyo na dakika hiyo imekwenda. Kuanzia 10:01 hadi 10:44 ni dakika 44. Kwako wewe umepumzika vizuri. Kwa kadi hujapumzika inavyotakiwa, na ukiendelea na safari umevuka saa 4 na nusu bila mapumziko. Kwa sekunde chache! Mimi nakaa dakika 47, kila mara. Usiitazame saa ya mkononi wala ya simu, tazama namba ya mapumziko kwenye mashine yenyewe hadi ipite 45, kisha ngoja kidogo zaidi. Vivyo hivyo kwa 15: nenda 17. Kwa 30: nenda 32.

Kuna jambo jingine juu ya zile 45 ambalo linafaa kujulikana. Mahakama ya Ulaya iliamua mwaka 1993, katika kesi iliyotoka Uingereza, kwamba dereva akishakamilisha dakika 45 za mapumziko hesabu ya saa 4 na nusu inaanza upya kabisa, hata kama alikuwa ameendesha saa 2 tu. Maana yake ukipumzika mapema hupotezi kitu kwenye kipindi kinachofuata. Lakini ukipumzika mapema kupita kiasi unaweza kujikuta unalazimika kusimama tena kabla ya kumaliza siku. Pangeni safari mkilijua hilo.

Wanaosafiri wawili garini: kadi ya yule aliyekaa kushoto au kulia bila usukani iko kwenye tundu la pili, na gari likitembea mashine inamwandikia ule mraba. Dakika 45 za hapo zinaweza kuhesabiwa kuwa mapumziko yake, kwa sharti kwamba hakuwa akimsaidia mwenzake. Kusoma ramani na kumwelekeza ni kusaidia.

Na kinyume cha yote haya nacho kipo, tena kinauma: kupumzika kweli na kusahau kitufe. Umeingia kituoni, tumbo linakata kwa njaa, umezima, umeshuka. Umerudi baada ya saa nzima, mashine inaonyesha nyundo kwa saa hiyo yote. Hakuna njia ya kuifuta. Data iliyokwishaingia kwenye kadi hairekebishwi na mtu yeyote, na yeyote anayewaambia ana mbinu ya kuirekebisha mkimbieni. Kama una muda, pumzika upya, hilo ndilo salama. Kama ulishaondoka ndipo ukagundua, simama mahali salama, toa karatasi ya siku hiyo, uigeuze, na nyuma yake uandike kwa kalamu kilichotokea: nilisimama wapi, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, nilisahau kubadilisha alama. Weka sahihi. Itunze pamoja na risiti ya chakula kama unayo. Haikuhakikishii msamaha, lakini mkaguzi anayeona maelezo yaliyoandikwa siku ileile humsikiliza mtu tofauti na anayeanza kukumbuka miezi miwili baadaye. Karatasi hiyo hiyo ndiyo ya kuandikia pale ulipolazimika kuvuka muda kwa sababu ya ajali au barabara kufungwa, ili ufike mahali pa kuegesha palipo salama. Iandike ukifika tu, usisubiri kesho.

Sasa nirudi kwenye saa, kama nilivyoahidi. Takografu huhifadhi kumbukumbu zake kwa saa ya dunia, ile inayoitwa UTC. Majira ya baridi saa hiyo na saa ya ukutani Uingereza ni moja. Majira ya kiangazi saa ya ukutani iko mbele kwa saa 1. Poland na Ujerumani wako mbele kwa saa 1 wakati wa baridi na 2 wakati wa kiangazi. Dar es Salaam na Nairobi wako mbele kwa 3 mwaka mzima. Juu ya hayo yote, sisi tumebeba saa yetu ya Kiswahili kichwani, iliyo mbali kwa saa 6 na saa ya ukutani popote ulipo. Dereva wa Kipolandi ana saa mbili za kulinganisha. Sisi tuna tatu, na simu ya mke kutoka Morogoro ikiingia, nne.

Mimi sikuiacha saa yetu, wala siwaambii muiache. Watoto wangu wanaijua. Nilichofanya ni kuikataza kuingia kwenye kabini. Kila ninapojaza kwa mkono, naandika kwanza kwenye daftari dogo kwa tarakimu nne: 07:00, 17:00. Siandiki "saa moja." Kisha naangalia mashine hii inataka saa ya mahali au ile ya dunia, kwa sababu zinatofautiana, na nyingine zinakuruhusu kuchagua. Ndipo nabonyeza. Mkiwa na mwenzenu mgeni, msimwulize kwa Kiswahili alimaliza saa ngapi kisha mkamjazia. Mwambieni aandike.

Najua wapo watakaosema mashine hii imewekwa kumchunga dereva. Maneno hayo ni ya zamani. Miaka ya sabini, vyama vya wafanyakazi vya Uingereza viliipinga kwa nguvu na kuiita jasusi ndani ya kabini, na serikali yao ikakataa kuilazimisha hadi Mahakama ya Ulaya ilipotoa hukumu dhidi yake mwaka 1979. Nawaelewa wazee wale. Hakuna anayependa kutazamwa akiwa kazini. Lakini mimi nimeendesha pasipo na mashine, kwenye gari la tajiri, na sikuwa huru hata siku moja. Tajiri alihesabu siku za safari, hakuhesabu usingizi wangu. Nilipomwambia nimechoka, hakukuwa na karatasi ya kuthibitisha kwamba niliendesha usiku kucha kutoka Mikumi hadi Makambako, nikaupanda mlima wa Kitonga gizani nyuma ya malori yaliyoharibika. Lilikuwa neno langu dhidi ya lake, na gari lilikuwa lake. Leo neno langu limeandikwa kwenye kadi iliyo mfukoni mwangu. Ndiyo maana nasikitika kuona kijana wa kwetu akiichafua kwa mkono wake ili kumwokolea bosi dakika 45.

Na bosi huyo naye ana wajibu. Kifungu cha 10 cha kanuni ileile kinaitaka kampuni ipange kazi kwa namna ambayo dereva ataweza kufuata sheria, na kinakataza malipo au zawadi za umbali na wingi wa mzigo zinazohatarisha usalama. Kampuni inawajibika kwa makosa ya dereva wake. Kwa hiyo mpangaji akikupigia simu na kukwambia weka kitanda ushushe, usibishane naye kwenye simu, maana maneno ya simu hupotea. Mtumie ujumbe wa maandishi, kwa adabu: nimeanza kushusha kwa mkono saa fulani, nitamaliza saa fulani, mapumziko yangu yataanza hapo, nitafika kwa mteja wa pili saa fulani. Wengi wao hawatajibu kwa maandishi. Nilipoanza kufanya hivyo, ile sentensi ya kitanda sikuisikia tena. Niliendelea kusikia kwamba mimi ni mpole mno na mzito. Ilikuwa afadhali.

Ukifukuzwa kwa sababu hiyo? Limewahi kumtokea ninayemjua. Alikaa wiki tatu bila kazi, tukamchangia kodi ya chumba, akapata kwingine. Msiogope kuomba mchango huo. Tunachanga kwa ajili ya misiba, tunaweza kuchanga kwa ajili ya dereva aliyekataa kusema uongo.

Mwisho, karatasi. Beba roli mbili za karatasi za mashine, moja ndani yake na nyingine kwenye droo, na uhakikishe ni za aina inayokubaliwa na mashine yako. Beba kalamu mbili, maana wino huganda kwenye baridi. Karatasi ulizotoa usiziache juu ya dashibodi. Jua likizipiga zinafifia hadi maandishi yanapotea, na mimi nimeshapoteza za wiki nzima hivyo. Ziweke kwenye bahasha, tarehe juu. Na kwa yule kijana wa saa moja: daftari ulilonunua nimeliona, limejaa tarakimu nne nne ukurasa hadi ukurasa. Likiisha nipigie, ninalo jingine.

Wenu barabarani,

Dereva mwenzenu, Uingereza